Nani Kabeba Nani

Wanaotengeneza miche bora ya miembe na mikorosho Tanzania husema miche yao imebebeshwa. Vitabuni utakuta pia kupandikiza na kuunganisha. Mimi nashikilia kubebesha, na sababu yangu naitoa kwenye nyanya.

Mnyauko bakteria hukaa ardhini miaka mingi, na mnyanya ukishaupata hakuna dawa ya kuuponya. Mmea hunyauka ungali kijani. Kata kipande cha shina, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi: baada ya dakika chache nyuzi nyeupe huanza kushuka. Ndio bakteria hao, wanatoka kwenye mirija ya maji.

Njia mojawapo ya kujinusuru ni kuupa mnyanya mizizi isiyo yake. Kituo cha Mboga Duniani, chenye makao Taiwan na tawi Arusha, kimependekeza mizizi ya mbilingani wa aina ya EG203, unaoukinza ugonjwa huo. Mche wa mbilingani hukatwa mshazari, wa mnyanya vivyo hivyo, unene ukilingana. Vipande hivyo viwili hubanwa pamoja na kuwekwa kivulini penye unyevu hadi vishikane.

Sasa, neno kuunganisha huzifanya pande mbili zilingane. Kupandikiza tayari lina kazi ya kuhamisha mche kutoka kitaluni. Kubebesha humtaja aliye chini. Tazama sarufi yake: tumeubebesha mbilingani mnyanya. Tukisema mche uliobebeshwa, aliyetwishwa ni mbilingani, na sifa ni yake. Kipande cha juu kina jina lake, kikonyo. Cha chini twakiita shina tu, wengine shina mama, na hilo linanikera, maana mti mama ni ule unaokatwa vikonyo. Afadhali shina la kubebea. Ni refu kidogo, ila halimpotezi mtu.

Anayejua nani kabeba nani hafukii kiungio, pale vipande viliposhikana. Shina la mnyanya likigusa udongo huota mizizi, nayo haina ukinzani wa mbilingani. Ugonjwa hupenyea hapo. Wakulima wengi wamezoea kufukia mche wa nyanya hadi karibu na majani, na kwa mche huu mazoea hayo yaachwe kabisa. Bakajani, ugonjwa mwingine wa mnyanya, hupeperushwa na upepo hadi kwenye majani, kwa hiyo shina la kubebea haliizuii. Machipukizi yakitokea chini ya kiungio ni ya mbilingani: yang'olewe mapema.