Usukani wa Motokaa na Jinsi Ulivyopatikana

Kwa watu wa pwani, usukani ni neno la chomboni. Ndio ule ubao wa nyuma ya jahazi, ugeuzao chombo majini. Motokaa zilipokuja, jina lile lilihamia kwenye gurudumu dogo alishikalo dereva. Jina ni moja, walakini kazi si moja. Mshika usukani wa jahazi ana bahari pana mbele yake. Dereva ana njia nyembamba, naye akikosa kidogo, watu wamo mtaroni. Basi tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu jinsi wanadamu walivyojifunza kuligeuza gari la magurudumu manne lisipinduke.

Hapo kale magari ya Ulaya yalivutwa na farasi. Magurudumu mawili ya mbele yalifungwa katika ekseli moja, yaani mti uliokingama chini ya gari, na mti ule ulizunguka juu ya pini moja ya katikati. Farasi wakigeuka, ekseli nzima iligeuka pamoja nao. Na tutwae mfano wa kiti cha miguu minne. Kama miguu miwili ya mbele ingesogezwa hata ikaribiane katikati, aketiye akiinama upande kidogo tu angeanguka. Ndivyo lilivyokuwa gari lile. Ekseli ilipogeuka sana, magurudumu ya mbele yaliingia chini ya gari, upana wa kusimamia ukapungua. Na kama gari lilikuwa mbioni, lilipinduka.

Katika Uingereza alikuwako tabibu jina lake Erasmus Darwin, aliyesafiri sana kwa gari katika njia mbovu ili awaone wagonjwa wake. Karibu na mwaka 1758 alifikiri hivi: ekseli na itulie, na kila gurudumu ligeuke peke yake kwenye ncha yake. Wazo lilikuwa jema, lakini halikuenea. Yeye mwenyewe alianguka garini mwaka 1768, akavunjika mfupa wa goti, akachechemea tangu siku hiyo.

Mwaka 1816 Georg Lankensperger, mwunda magari wa mji wa München, alitengeneza mtambo wa namna iyo hiyo. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann, Mjerumani aliyeuza vitabu na picha London, aliupatia hati ya serikali katika Uingereza. Na hata leo mtambo huo huitwa kwa jina la Ackermann, ingawa aliyeubuni ni mwingine.

Werevu wake ni huu. Watoto wawili wakishikana mikono na kuzunguka mti, aliye karibu na mti hupita katika duara dogo, kwa hiyo hana budi kupinda njia yake zaidi kuliko mwenzake. Vivyo hivyo magurudumu ya mbele: lile la upande wa ndani wa kona sharti ligeuke zaidi kuliko la nje. Yakigeuka sawasawa, moja litaburutwa juu ya ardhi badala ya kubingirika. Basi kila gurudumu lilipewa mkono mfupi wa chuma ulioelekea ndani kidogo, na mikono ile miwili ikaunganishwa kwa ufito mmoja. Kwa njia hiyo kila gurudumu hupata kiasi chake.

Waunda magari wengi hawakuupokea mtambo huo upesi, kwa kuwa farasi ndio walioliongoza gari. Lakini gari lisilo na farasi likaja. Katika Ufaransa, Amédée Bollée alimaliza gari lake la mvuke mwaka 1873, na kila gurudumu la mbele liligeuka kwenye pini yake. Carl Benz, katika Ujerumani, alipoandikisha motokaa yake mwaka 1886, aliipa magurudumu matatu tu, na la mbele likawa moja, maana alikuwa hajapata njia imridhishayo ya kuyageuza mawili. Aliipata mwaka 1893, akaunda gari la magurudumu manne.

Madereva wa kwanza walishika fimbo, si gurudumu. Jiwe likiligonga gurudumu moja, fimbo ilirushwa mkononi. Mwaka 1894, katika mashindano ya kutoka Paris hata Rouen, Alfred Vacheron aliendesha gari lenye usukani wa duara. Kisha mwaka 1896 Arthur Krebs, Mfaransa, aliandikisha jambo kubwa: gurudumu liguse ardhi nyuma kidogo ya mstari wa pini yake, ili lifuate kama mkia. Wenye baisikeli wautazame uma wa mbele. Ulivyolala, ndivyo ilivyo. Kwa sababu hiyo dereva akimaliza kona na kulegeza mikono, magurudumu hurudi yenyewe kuelekea mbele.

Twaona basi ya kuwa usukani mwema si ule ugeuzao tu, bali ni ule urudishao njiani pia. Nao hufanya kazi pale tu magurudumu ya mbele yakandamizapo ardhi vema. Lori lililorundikiwa mizigo nyuma hunyanyuka mbele. Usukani huwa mwepesi mkononi, na magurudumu hayatii. Dereva auonaye wepesi huo asifurahi. Na asimame, apange mzigo upya, ndipo aendelee na safari yake.