Malezi ya watoto wadogo wakati wa Ebola, Beni na Butembo

Malezi ya watoto wadogo wakati wa Ebola yalikuwa huduma ya kuwatunza watoto waliotenganishwa na wazazi wao wakati wa mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mama alipolazwa, mtoto mchanga aliyemnyonyesha hakuwa na pa kwenda, na jirani aliogopa kumpokea. UNICEF na washirika wake walifungua vituo vya malezi kando ya vituo vya matibabu, kwanza Beni, kisha Butembo.

Walezi wengi walikuwa wanawake waliopona Ebola. Kinga waliyoipata miilini mwao iliwawezesha kumbeba mtoto kifuani, kumnywesha maziwa na kumbembeleza bila vazi zito la kujikinga linalofunika uso. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa, kwani mtoto mdogo hutulizwa na uso anaouona. Watoto walipimwa joto mara kwa mara kwa siku 21, muda mrefu zaidi ambao kirusi huweza kujificha kabla ya dalili. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya vifo 2,287.