Kuruka na kutoroka katika michoro ya Moritz von Schwind

Katika lugha ya Kijerumani, neno Flug lina maana ya kuruka angani, na neno Flucht lina maana ya kutoroka. Maneno hayo mawili hukaribiana kwa sauti. Katika uchoraji wa Moritz von Schwind hukaribiana pia kwa maana.

Schwind alizaliwa Vienna mwaka 1804, akahamia Munich mwaka 1828, akafariki mwaka 1871. Ujana wake ulipita chini ya Maazimio ya Karlsbad ya mwaka 1819, yaliyoweka magazeti na vyuo vikuu vya nchi za Kijerumani chini ya ulinzi mkali. Wakati uo huo, ngano ambazo ndugu Grimm walianza kuzichapisha mwaka 1812 zilikuwa zikienea majumbani.

Mwaka 1836 alichora Ndoto ya Mfungwa. Mfungwa amelala gerezani. Mwanga umepenya dirishani. Vijitu vya ngano vimepandana mabegani, na kilicho juu kabisa kinakata nondo kwa msumeno. Sigmund Freud, katika mihadhara yake ya miaka 1916 na 1917, alieleza kwamba vijitu hivyo ni mfungwa mwenyewe akipanda hatua kwa hatua: sura ya kile cha juu ni sura yake.

Wako wanaodai kwamba ngano ilikuwa kimbilio la wanyonge wa roho. Hoja hiyo haikosi uzito, kwani baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa, Schwind alizidi kuchora ngano. Lakini na tuitazame ile ya Kunguru Saba, aliyoichora kwa rangi za maji kati ya 1857 na 1858. Ndugu saba wamegeuzwa kunguru wakaruka. Dada yao hana budi kusokota nyuzi na kunyamaza miaka saba ili awaokoe. Anaolewa na mtawala, anashtakiwa uchawi, wala hatamki neno hata anapopelekwa kuchomwa moto. Ndugu zake, waliorudia ubinadamu, wanafika saa ya mwisho.

Hapa waliopata mabawa ndio wafungwa. Aliyebaki chini ndiye mkombozi. Mfungwa wa 1836 akiamka atazikuta nondo zake mahali pake. Dada wa kunguru hakuota: alisokota. Kati ya michoro hiyo miwili, ngano iliacha kuwa ndoto ya kutoroka, ikawa habari ya kazi na subira.