Kabla ya kukodisha nafasi ya diski yako mtandaoni, piga hesabu ya stima

Kwa kawaida, faili tunazoweka katika intaneti hukaa kwenye seva za kampuni moja kubwa. Mitandao ya hifadhi iliyotawanywa hufuata njia nyingine: data huwekwa katika diski za watu binafsi kote duniani, nao hulipwa. Kila kituo cha namna hiyo huitwa nodi.

Mfano mmoja ni Storj, mtandao wa kampuni ya Marekani uliofunguliwa rasmi kwa wateja mwaka wa 2020. Faili hufungwa kwa msimbo wa siri, kisha hukatwa vipande. Katika mpangilio wake wa awali, kila sehemu ya faili ilihifadhiwa kwa takriban vipande 80, na 29 tu vilitosha kuijenga upya. Mwenye nodi, basi, hawezi kusoma anachokihifadhi, na nodi yake ikizimika faili ya mteja haipotei.

Vifaa vyenyewe si vya kuogofya: tarakilishi ndogo kama Raspberry Pi na diski yenye angalau gigabaiti 550. Tatizo ni kwamba nodi hutakiwa kuwa macho usiku na mchana. Stima ikipotea mara kwa mara, itasimamishwa. Tena, lazima ifikike kutoka nje, ilhali kampuni nyingi za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya intaneti. Ulizia anwani ya umma kabla ya kununua chochote.

Sasa pesa. Tangu Desemba 2023, malipo yaliyotangazwa yalikuwa dola 1.50 kwa kila terabaiti inayohifadhiwa kwa mwezi, na dola 2 kwa kila terabaiti inayopakuliwa. Dola 1.50 ni chini kidogo ya Sh200. Kifaa kinachotumia wati 12 mfululizo humaliza takriban yuniti 8.6 kwa mwezi. Hata kwa Sh20 kwa yuniti, hiyo ni Sh172. Na diski haijai upesi. Nodi mpya hufanyiwa majaribio kwanza, tena kwa data kidogo. Kwa maoni yetu, anayekusudia kununua mashine kwa ajili ya kazi hii pekee heri asubiri. Mwenye mashine inayowaka tayari ana sababu ya kujaribu.

Kanuni zake pia zimekuwa zikizuia asilimia 75 ya malipo ya hifadhi na upakuaji katika miezi mitatu ya kwanza, 50 katika mitatu inayofuata na 25 hadi mwezi wa tisa. Nusu ya fedha hizo hurejeshwa baada ya mwezi wa 15. Nusu nyingine hupewa anayeondoka kwa utaratibu uliowekwa. Anayechomoa waya na kwenda zake huipoteza.

Jambo la mwisho ni faili za utambulisho wa nodi. Weka nakala yake mahali pengine. Zikiharibika, nodi hiyo haifufuki, na utaanza upya kuanzia mwezi wa kwanza.