Kamera ya video ya nyumbani

Kamera ya video ya nyumbani ni kifaa cha mkononi kinachochukua picha za mwendo pamoja na sauti na kuzihifadhi ndani yake, bila kuhitaji mashine ya pembeni. Imekusudiwa mtu asiye fundi: mjomba aliyekabidhiwa kazi asubuhi ya harusi, shangazi kwenye ubatizo, mzazi katika mahafali ya mwanawe. Anayeinunua kwa shughuli za namna hiyo atazame kwanza sauti na uwezo wa kuona penye mwanga hafifu. Namba kubwa zilizochapwa kwenye boksi zina uzito mdogo kuliko mambo hayo mawili.

Kabla ya miaka ya 1980, familia iliyotaka picha za mwendo ilitumia filamu. Super 8, iliyoletwa na Kodak mwaka 1965, ilitoa dakika 3 na sekunde 20 tu kwa kaseti moja katika mwendo wa picha 18 kwa sekunde, na kwa watu wengi ilikuwa bubu. Mwaka 1983 Sony ilitoa Betamovie, iliyounganisha kamera na kinasa katika umbo moja. Ilikaa begani, na haikuweza kuonyesha ilichokirekodi. Ilibidi kusubiri hadi mkanda uingizwe kwenye deki nyumbani. Mwaka 1984 ikaja GR-C1 ya JVC, iliyotumia VHS-C, kaseti ndogo iliyopachikwa ndani ya kaseti kubwa ili ichezwe kwenye deki ya kawaida. Handycam ya kwanza ya Sony, ya mkanda wa milimita 8, ilifuata mwaka 1985. Mikanda ya kidijitali ya MiniDV iliingia sokoni mwaka 1995, na mwaka 2006 Sony na Panasonic zilitangaza mfumo wa AVCHD, ambao uliisaidia kadi ya kumbukumbu kuchukua nafasi ya mkanda.

Leo kazi nyingi ya kamera hizi imehamia kwenye simu, na kwa vipande vya dakika mbili tatu simu inatosha kabisa. Kamera hubaki na faida pale shughuli inapochukua saa nyingi: betri hubadilishwa papo hapo, kadi ikijaa huwekwa nyingine, na hakuna anayepiga simu katikati ya nikahi. Kamera za picha za kawaida zinazorekodi pia video zichunguzwe kabla ya kununuliwa. Nyingi kati ya zile za zamani hujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulizihesabu zinazorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera za video na kuzitoza ushuru wake.

Sauti ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi wakati wa kununua, na ndiyo inayotafutwa zaidi miaka inapopita. Sura ya babu familia itaipata katika picha nyingine. Namna alivyokuwa akimwombea dua mjukuu haipatikani popote pengine. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera iko karibu na mpigaji kuliko na msemaji, kwa hiyo hunasa vizuri minong'ono ya meza ya nyuma na kumpoteza mzee aliye mbele. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Tena kamera hujirekebishia sauti yenyewe: pakiwa kimya huipandisha, na mvumo wa feni hujaa, spika za ukumbi zikilia kwa nguvu, sauti hupasuka. Dawa ni tundu la kuchomeka maikrofoni ya nje. HDR-CX405 ya Sony, iliyonunuliwa sana kwa unafuu wake, haina tundu hilo. FDR-AX53 ya kampuni hiyohiyo inalo, pamoja na tundu la hedifoni. Maikrofoni ndogo isiyo na waya, ikibanwa kwenye kanzu ya bwana harusi au kuwekwa mbele ya mshereheshaji, hubadilisha kumbukumbu nzima. Kwa kamera isiyo na tundu, simu iliyoachwa ikirekodi karibu na msemaji husaidia, na sauti yake huunganishwa na picha baadaye.

Kuhusu mwanga, ukumbi unaong'aa kwa macho huweza kuwa giza kwa kamera. Chombo kinachopokea mwanga, yaani kihisi cha picha, kikiwa kidogo, kamera hulazimika kukuza mawimbi yake na picha hujaa chengachenga. CX405 ina kihisi cha aina ya 1/5.8, AX53 ya 1/2.5, na kamera za bei ya juu hufikia kihisi cha aina ya inchi 1, chenye milimita 13.2 kwa 8.8. Dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, muuzaji hupenda kuielekeza kamera mlangoni kwenye jua, ambako kila kamera hupendeza. Mnunuzi aielekeze chini ya kaunta au kwenye kona yenye giza, kisha aitazame picha hiyo kwenye televisheni.

Umeme nao una lake. Tanzania, Kenya na Oman hutumia umeme wa hezi 50, Marekani hezi 60. Kamera iliyoletwa zawadi na ndugu wa Marekani mara nyingi imefungwa kwenye picha 30 au 60 kwa sekunde, na chini ya taa za mirija za huku picha yake inaweza kumemeteka au kupitiwa na michirizi. Kama ina sehemu ya kuweka kasi ya shata, 1/50 au 1/100 huondoa tatizo hilo. Kamera inayoruhusu kuchagua mfumo wa 50 au 60 ni bora zaidi kwa familia yenye watu pande zote mbili.

Zumu haihitaji maneno mengi. Ihesabiwe ile ya lenzi tu, kwa mfano mara 20 au 30. Ile ya mamia na maelfu hukata picha na kuitanua. Ndani ya sebule iliyojaa watu, upana wa lenzi una faida kubwa kuliko kuvuta mbali. Kitulizi cha picha kiwe cha lenzi, na kwa hotuba ndefu itumike stendi ya miguu mitatu.

AVCHD ya megabiti 24 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 11 kwa saa. 4K ya megabiti 100 hula 45. Familia isiyo na kompyuta yenye nguvu itatumikiwa vizuri na ile ya kwanza. Kadi bandia zipo sokoni, zikijitangaza kuwa na nafasi zisizokuwa nayo, hivyo kadi mpya ijazwe yote nyumbani na kuchezwa mpaka mwisho kabla ya siku ya shughuli.

Katika miji ya Waswahili, shughuli za wanawake kama kupamba huwa na masharti kuhusu picha, na simu mara nyingi hukatazwa kwa haki kabisa, kwa kuwa picha ya bibi harusi akiwa wazi inaweza kuzagaa kabla wageni hawajaondoka. Hapo kamera ya nyumbani isiyounganishwa na intaneti ina thamani ya pekee: mwanamke wa nyumba hiyo ndiye anayepiga, na kadi hukabidhiwa mwenyewe bibi harusi. Anayenunua kwa kazi hiyo achague isiyo na Wi-Fi, au inayoruhusu kuizima, na inayorekodi kwenye kadi badala ya kumbukumbu ya ndani tu.

Kwa kamera iliyotumika, betri na chaja yake ziwepo, na lenzi imulikwe kwa tochi, maana unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya vioo. Kamera za diski ya DVD ziepukwe: diski isiyofungwa rasmi na kamera iliyoirekodi kwa kawaida haisomeki kwenye mashine nyingine. Za mkanda zina sababu moja ya kununuliwa, nayo ni kuokoa kumbukumbu za zamani. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, na mikanda inaendelea kuchakaa makabatini. Mwenye MiniDV anahitaji kamera ya MiniDV na kompyuta yenye tundu la FireWire, ambalo huhamisha picha bila kupunguza ubora. Mwenye mikanda ya Video8 au Hi8 atafute kamera ya Digital8, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999, lakini ahakikishe kwanza kuwa toleo hilo linacheza mikanda ya zamani, kwa kuwa si yote yanayoweza.