Askari wa Uganda Waliokwenda Somalia, na Watu wa Mpaka wa Busia na Tororo

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Mashariki yake ni Kenya, na magharibi yake ni Uganda. Kaskazini, katika wilaya ya Tororo, iko Malaba, ambako reli na barabara zitokazo Mombasa huvuka mpaka. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, kwa kuwa mpaka uliwakuta wakiishi pamoja. Hata mwaka 1902 upande wa mashariki ulikuwa ungali chini ya Uganda. Mwaka huo ukahamishiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hiyo kila jambo liamuliwalo Kampala au Nairobi huwafikia watu hawa mara mbili.

Kupeleka askari katika vita vya mbali si jambo geni kwao. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wenyeji waliliita Keya, liliundwa mwaka huo huo wa 1902. Askari wake walipigana na Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, wakawashinda Waitaliano Uhabeshi mwaka 1941, na mwaka 1944 wakapambana na Wajapani huko Burma. Waislamu walikuwamo tangu mwanzo, hasa Wanubi, uzao wa askari waliotoka Sudani. Lakini katika vita hivyo vyote wenyeji hawakuulizwa. Amri ilitoka London, nao wakaitii.

Mwaka 2007 mambo yalikuwa mengine. Somalia ilikuwa imekosa serikali yenye nguvu tangu kuanguka kwa Siad Barre mwaka 1991. Katika mwaka 2006 Muungano wa Mahakama za Kiislamu uliutwaa mji wa Mogadishu, na mwishoni mwa mwaka huo jeshi la Ethiopia likaingia na kuuondoa. Tarehe 19 Januari 2007 Umoja wa Afrika ukaazimia kupeleka jeshi la kulinda amani, lililoitwa AMISOM, lenye askari wapatao 8,000. Nchi kadhaa ziliahidi askari, lakini Uganda ndiyo iliyotangulia. Bunge liliidhinisha safari hiyo tarehe 13 Februari. Tarehe 20 Februari Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likatoa kibali cha miezi sita. Mapema mwezi wa Machi askari wa kwanza wakatua Mogadishu, wakapokewa kwa makombora. Walibaki peke yao hata Desemba, walipofika wenzao wa Burundi.

Kura ile ya Bunge ilikuwa na uzito wake. Mwaka 1998 askari wa Uganda waliingia Kongo pasipo Bunge kuulizwa kwanza, na Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikahukumu kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa. Safari ya Somalia ilipitia mlango wa sheria, na hilo lastahili kusifiwa.

Hata hivyo, kwa Waislamu jambo hili halikuwa jepesi. Somalia ni nchi ya Waislamu, na waliokuwa wakipigana na jeshi hilo walidai kwamba wanaipigania dini. Lakini Sura ya Al-Hujurat yaagiza waumini wapigananapo wapatanishwe, tena kwa uadilifu. Basi, haikutosha kuuliza kama yafaa kwenda. Ilipasa kuuliza pia kama waendao wanakwenda kusuluhisha au kushika upande mmoja, na watarudi lini.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010 mabomu yalilipuka mahali pawili mjini Kampala, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Al-Shabaab walikiri kwamba ni wao, wakasema wanalipiza kisasi kwa sababu ya askari waliopelekwa Somalia. Waliouawa hawakuwa wamepiga kura yoyote Bungeni.

Baada ya msiba huo shaka iliwaangukia Waislamu wengi wasio na hatia. Washukiwa kadhaa waliokamatwa Kenya walikabidhiwa kwa Uganda pasipo kufuata taratibu za mahakama. Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki za Waislamu kutoka Kenya, alikwenda Kampala Septemba 2010 kuifuatilia kesi hiyo, naye akatiwa kizuizini karibu mwaka mzima, kisha akaachiliwa bila ya kuhukumiwa. Mwezi wa Mei 2016 Mahakama Kuu ya Kampala iliwatia hatiani watu 7 kwa ugaidi. Wengine 5 walionekana hawana hatia, baada ya miaka mingi gerezani.

Oktoba 2011 Kenya nayo iliingiza jeshi lake Somalia, na mwaka 2012 likaunganishwa na AMISOM. Kijana wa Busia ya Kenya na ndugu yake wa Busia ya Uganda sasa waliweza kukutana chini ya bendera moja katika nchi ya ugenini. Januari 2016 kambi ya Wakenya huko El Adde ilivamiwa, na serikali yao haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Tarehe 26 Mei 2023 kambi ya Waganda huko Buulo Mareer ilivamiwa, na Rais Museveni akataja askari 54 waliouawa. Msiba ulikuwa wa namna moja, lakini upande mmoja wa mpaka ulipewa hesabu, na upande wa pili ukaachwa kukisia.

Kibali cha miezi sita kiliongezwa tena na tena. Aprili 2022 jeshi hilo lilibadilishwa jina, na Januari 2025 likabadilishwa tena. Hapana budi kukiri kwamba lilifanya kazi kubwa: Agosti 2011 Al-Shabaab waliondoka katika sehemu nyingi za Mogadishu. Lakini kuidhinisha safari bila ya kuweka hesabu ya marejeo ni kutimiza nusu ya wajibu. Zamani watu wa mpaka huu hawakuulizwa kabisa. Mwaka 2007 waliulizwa kwa vinywa vya wabunge wao. Kilichosalia ni haki ya kuambiwa: vita vitakoma lini, na nani hatarudi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki, awape subira wafiwa, na aijalie Somalia amani.