Injini Ilipozimika Juu ya Bahari: Safari ya Beryl Markham, 1936

Wazee wenzangu wa shule, nanyi vijana mliomo madarasani hivi sasa, tumezoea kuwasifu mashujaa kwa ujasiri wao. Leo napenda kueleza safari moja ambayo ujasiri peke yake usingalimwokoa mwenye safari, lau asingaliijua kazi yake.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Alikulia Njoro, ambako baba yake alifunza farasi wa mashindano. Urubani alifundishwa Nairobi na Tom Campbell Black, naye akawa rubani wa kulipwa, akisafirisha watu na barua na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, akiwa peke yake, nia yake kufika New York bila kutua njiani. Ndege yake, Percival Vega Gull, ilikuwa ndogo, ya mbao, yenye injini moja ya nguvu za farasi 200. Mahali pa viti vya abiria palijazwa matangi ya petroli. Redio hakuwa nayo, na upepo ulimpiga kutoka mbele.

Kila tangi lilikuwa na bilula yake. Ili petroli isibaki bure, ilimpasa aliache tangi moja likauke kabisa ndipo afungue jingine. Basi usiku ule, katika giza na mvua, tangi la kwanza likaisha na injini ikazimika. Mwenyewe alieleza katika kitabu chake, West with the Night (1942), jinsi alivyoteremka kuelekea baharini huku akiitafuta bilula ya tangi la pili kwa kupapasa.

Hapa ndipo mafunzo yalipomfaa. Mtu asiyefundishwa, aonapo ndege inashuka, huvuta usukani ili ainue pua. Hilo ni kosa la kuua. Ndege isiyo na injini hubebwa na mwendo wake tu. Ukiinua pua mwendo hupungua, mabawa hupoteza nguvu ya kuibeba, nayo huanguka. Sharti pua ishushwe, hata kama chini ni bahari. Yeye aliishusha, akafungua bilula, na injini ikanguruma tena.

Taabu ya pili ilikuja mchana wa tarehe 5, alipokwisha kuiona nchi kavu. Petroli ilikuwa ingalimo katika tangi la mwisho, lakini injini ilikohoa na kuzimika, ikawaka, ikazimika tena. Sababu iliyotolewa ni barafu iliyoziba tundu la kupitishia hewa ya tangi. Jambo hili si geni kwetu. Atoboaye mkebe wa maziwa tundu moja huona maziwa yakidondoka kwa shida. Akitoboa la pili, hewa huingia na maziwa hutiririka. Tangi la ndege ni vivyo hivyo. Safari ya zaidi ya maili 2,000 ilikwamishwa na tundu dogo.

Alifunga na kufungua mabilula tena na tena. Injini ilipowaka alipanda kidogo. Ilipozimika aliteleza angani akitafuta mahali pa kutua. Hatimaye alichagua uwanja karibu na Baleine, kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Kumbe palikuwa kinamasi! Magurudumu yalizama, pua ikajikita matopeni, naye akaumia kichwa. Lakini alitoka akitembea kwa miguu yake, mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika ya Kaskazini bila kutua.

Marubani wa ndege ndogo hufundishwa utaratibu ule ule hata leo: kwanza iongoze ndege na utunze mwendo wake, pili chagua mahali pa kutua, tatu tafuta sababu, ukianzia petroli na bilula zake, ndipo uite msaada kwa redio. Ikiwa injini haikuwaka, funga petroli na uzime umeme kabla ya kugusa ardhi. Anayeanza kwa kutafuta sababu, akausahau mwendo, huenda asipate nafasi ya kuijua sababu hiyo.

Sisemi kwamba ustadi humkinga mtu na kila ajali. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule, Campbell Black, mwalimu wake, alikufa Liverpool akiwa bado chini uwanjani, ndege nyingine ilipoigonga yake. Lakini mwanafunzi wake aliishi miaka 50 zaidi, akafariki Nairobi mwaka 1986. Mwalimu hawezi kuwa pamoja nasi siku injini inapozimika. Yaliyo mkononi siku hiyo ni yale tuliyokubali kuyarudia darasani mpaka tukachoka. Vijana, yarudieni.